Cheo cha Kurithi na Deni la Dhamana: Kukisoma Kitabu cha Maisha ya Lodi Carrington

Miongoni mwa ahadi za mwanachama wa TANU palikuwa na maneno matatu ambayo kizazi chetu kiliyapokea kwa wazee: cheo ni dhamana. Maneno hayo ni mafupi, lakini ndani yake wamo watu wawili na siku moja. Yuko aliyeitoa dhamana, yuko aliyeishika, na iko siku ya kudaiwa. Akikosekana mmoja wa wawili hao, au siku ile isipofika, dhamana hugeuka kuwa mali. Katika makala hii nakusudia kuyatumia maneno hayo kuwa kipimo cha kitabu ambacho hakikuandikwa kwa ajili yetu wala kwa lugha yetu, lakini ambacho mwandishi wake aliyagusa mambo ya Afrika mara mbili: mara ya kwanza kwa kuzuia, na mara ya pili kwa kupatanisha. Kitabu chenyewe ni Reflect on Things Past, maana yake yatafakari yaliyopita, kilichochapishwa mwaka 1988. Mwandishi wake ni Peter Carington, Lodi Carrington wa sita.

Nilipokisoma kitabu hiki pamoja na wanafunzi wangu, mmoja wao aliuliza: Huyu bwana alichaguliwa na nani? Wenzake walicheka, wakidhani ni swali la mtu asiyeujua utaratibu wa Waingereza. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona kwamba mwanafunzi yule alikuwa ameukamata mzizi wa kitabu kizima. Jibu la swali lake ni fupi: hakuchaguliwa na mtu. Lakini jibu hilo halitoshi, maana mtu huyu asiyechaguliwa na mtu anakumbukwa zaidi kwa kuondoka madarakani kwa hiari yake, jambo ambalo wengi waliochaguliwa hawaliwezi. Kitendawili hicho ndicho kinachotupasa kukitegua.

Habari za maisha yake ni hizi. Carrington alizaliwa tarehe 6 Juni 1919. Baba yake alifariki mwaka 1938, na kijana wa miaka 19 akawa lodi. Alipotimiza miaka 21, mwaka 1940, akaingia katika Baraza la Malodi, ambalo ndilo baraza la juu la Bunge la Uingereza, akadumu humo mpaka alipofariki tarehe 9 Julai 2018, akiwa na umri wa miaka 99. Ni muda wa zaidi ya miaka 77. Katika muda huo alitumika katika serikali za mawaziri wakuu sita wa chama cha Conservative, toka Churchill mpaka Thatcher. Alikuwa waziri mdogo wa Kilimo, kisha wa Ulinzi. Mwakilishi wa nchi yake huko Australia. Mkuu wa wizara ya Jeshi la Majini. Kiongozi wa chama chake katika Baraza la Malodi. Waziri wa Ulinzi. Waziri wa Nishati kwa muda mfupi. Na Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Baadaye akawa Katibu Mkuu wa Nato, kuanzia mwaka 1984 mpaka 1988. Kwa vyeo vyote hivyo hakupigiwa kura na raia hata mara moja.

Wala msomaji asidhani kwamba ukoo huu ulipata cheo katika vita vya wafalme wa kale. Lodi Carrington wa kwanza alikuwa Robert Smith, mwenye benki wa Nottingham, aliyepewa cheo katika miaka ya 1790. Vizazi vilivyofuata vililiacha jina la Smith, ambalo maana yake ni mhunzi, vikachukua jina la cheo. Nalo jina la ukoo huandikwa kwa r moja, ilhali cheo huandikwa kwa r mbili. Tofauti hiyo ya herufi moja yafaa kukumbukwa, kwa sababu neno letu hapa ni umbali ulioko kati ya mtu na cheo chake.

Sasa tuutazame uandishi wenyewe. Mtu aliyepanda ngazi kwa jasho lake akiandika habari za maisha yake, hueleza kila kipago: nani alimlipia karo, nani alimfungulia mlango, na nani alimfungia. Carrington hana haja hiyo. Alizaliwa juu ya ngazi, na kalamu yake inajua hivyo. Husimulia kwa upole na kwa mzaha mwepesi. Hujishusha mwenyewe kabla msomaji hajapata nafasi ya kumshusha. Huwasifu wenzake kwa haki na kuwalaumu kwa adabu. Alikuwa askari shujaa, aliyevuka daraja la Nijmegen na kifaru chake mwezi Septemba 1944 na kupata nishani ya Military Cross, lakini si mtu wa kujivuna kwa jambo hilo. Uandishi wa namna hii unapendeza, na yeyote anayetaka kujifunza namna ya kutojisifu katika kitabu cha maisha yake ana mwalimu hapa.

Walakini mhakiki hana budi kuuliza upole huo unafanya kazi gani. Unyenyekevu wa mtu mwenye madaraka makubwa si sawa na unyenyekevu wa mtu asiye nayo. Wa pili ni hali. Wa kwanza ni hiari. Nao wa hiari waweza kutusahaulisha kwamba mtu anayetuchekesha ndiye pia aliyekuwa akiamua. Nadhani hilo ndilo pazia jembamba la kitabu hiki. Njia nzuri ya kulisogeza ni kuyaweka pamoja matukio manne ya maisha ya mwandishi na kuuliza katika kila moja: hapa mwenye kudai dhamana alikuwa nani?

Tukio la kwanza ni la mwaka 1954. Mwaka 1938 serikali ya Uingereza ilikuwa imetwaa eka 725 za ardhi mahali paitwapo Crichel Down, katika Dorset, ili ndege za kivita zijifunzie hapo kutupa mabomu. Baada ya vita ardhi ile haikurudishwa kwa wenyewe, bali ilipelekwa kwa Wizara ya Kilimo, na maofisa wakakusudia kumpangisha mtu mwingine. Ukoo uliokuwa na ardhi ukadai, uchunguzi wa hadharani ukafanywa, na makosa ya maofisa yakafunuliwa. Mwezi Julai 1954 Waziri wa Kilimo, Sir Thomas Dugdale, akajiuzulu. Carrington, aliyekuwa waziri mdogo katika wizara hiyo, naye akaomba kuondoka, Churchill akamkatalia. Hapa mwenye kudai anaonekana waziwazi. Ni mwananchi mwenye ardhi, tena mwenye uwezo na marafiki wa kusikilizwa. Kijana Carrington alijifunza mapema kwamba kosa la karani ni deni la waziri. Somo hilo hakulisahau, na ni haki kumsifu kwalo.

Tukio la pili ni la mwaka 1968, nalo latuhusu sisi Waafrika. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith katika Rhodesia ya Kusini ilikuwa imejitangazia uhuru bila ridhaa ya watu weusi walio wengi. Mwezi Mei 1968 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamuru nchi zote zikate biashara na Rhodesia. Serikali ya chama cha Labour, iliyokuwa na wajumbe wengi katika Baraza la Makabwela, yaani lile linalochaguliwa na raia, ikaleta amri ya kulitekeleza azimio hilo. Tarehe 18 Juni 1968 Baraza la Malodi likaikataa amri hiyo kwa kura 193 dhidi ya 184. Aliyewaongoza malodi wa upinzani siku ile ni Carrington.

Kwa desturi za siasa za Uingereza, jambo lile lilikuwa ni kuipiga serikali kofi la onyo tu. Mwezi uliofuata amri nyingine kama ile ilipita. Lakini tulitazame kutoka upande wa pili wa bahari. Watu walioketi katika baraza lile, wengi wao kwa sababu tu ya kuzaliwa na baba fulani, walizuia, ijapokuwa kwa wiki chache, jambo lililoamuliwa na Umoja wa Mataifa na kukubaliwa na wajumbe waliochaguliwa. Nao walilizuia kuhusu nchi ambayo tatizo lake lote lilikuwa ni watu wachache kutawala kwa sababu ya kuzaliwa na rangi fulani. Sidai kwamba Carrington alimpenda Ian Smith, wala maisha yake ya baadaye hayaonyeshi hivyo. Nasema tu kwamba siku ile hapakuwa na mtu wa kuidai dhamana. Mkulima wa Mashonaland hakuwa na kura katika Salisbury wala katika London, na raia wa Uingereza, aliyekuwa na kura, hakuweza kumwondoa hata lodi mmoja. Mpango wa kulirekebisha Baraza la Malodi uliletwa Bungeni baadaye, ukaachwa mwaka 1969.

Tukio la tatu ni fahari ya kitabu, nalo linastahili kuwa hivyo. Mwezi Agosti 1979 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Lusaka. Hapo Kaunda, aliyekuwa mwenyeji, Nyerere na wenzao walikubaliana na Thatcher kwamba Uingereza iitishe mkutano wa katiba kwa ajili ya Rhodesia. Tarehe 10 Septemba mkutano ukafunguliwa katika jumba la Lancaster House, London, na mwenyekiti wake akawa Carrington, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Upande mmoja waliketi Askofu Muzorewa na ujumbe wake, naye Ian Smith akiwamo. Upande wa pili Joshua Nkomo na Robert Mugabe wa Patriotic Front. Mwenyekiti alishika utaratibu wa jambo moja baada ya jingine: kwanza katiba, kisha serikali ya mpito, kisha kusimamisha vita, na lililokwisha kukubaliwa halikufunguliwa tena. Tarehe 21 Desemba 1979 mapatano yakatiwa saini. Katika uchaguzi wa Februari 1980 chama cha Mugabe kilipata viti 57 kati ya 80 vya Waafrika, na tarehe 18 Aprili 1980 Zimbabwe ikawa huru.

Yuko atakayesema kwamba hapa cheo cha kurithi kilifaa. Waziri asiyeogopa wapiga kura wa jimbo lake aliweza kustahimili hasira za wale wa chama chake mwenyewe waliomwona Muzorewa kuwa atosha. Hoja hiyo ina nguvu, nami siwezi kuikataa yote. Uhuru wa kutodaiwa waweza mara nyingine kumpa mtu nafasi ya kutenda haki. Lakini tusisahau kwamba katika Lancaster House wadai walikuwapo. Walikuwapo wapiganaji porini, walikuwapo marais wa nchi za mstari wa mbele nyuma ya Patriotic Front, na ilikuwapo ahadi iliyotolewa Lusaka mbele ya mataifa. Kilichomfanya mwenyekiti kuwa mkubwa ni kwamba safari hii hakuwa peke yake na dhamiri yake.

Hata hivyo iko doa ambayo mhakiki hawezi kuipita kimya. Katiba ya Lancaster House ililinda mali kwa miaka kumi, hata ardhi ya walowezi ikawa haibadilishi mikono kwa jumla ila kwa mwenye kuridhika kuuza. Msomaji na arudi sasa kwenye eka 725 za Dorset. Kwa ardhi ile waziri mzima aliondoka madarakani, na kanuni ikawekwa kwamba ardhi iliyotwaliwa na serikali kwa haja fulani, haja hiyo ikiisha, kwanza apewe nafasi yule aliyetwaliwa. Kwa ardhi ya Zimbabwe aliyetwaliwa aliambiwa angoje, kisha anunue. Mtu mmoja alikuwa karibu na mambo yote mawili, la kwanza akiwa kijana wa miaka 35 na la pili akiwa mzee wa miaka 60. Kitabu kinachotutaka tuyatafakari yaliyopita kingekuwa kikubwa zaidi kama kingeyaweka mawili hayo katika mizani moja.

Tukio la nne ndilo linalojulikana na wote. Tarehe 2 Aprili 1982 majeshi ya Argentina yalivamia visiwa vya Falkland. Siku iliyofuata Baraza la Makabwela lilikutana kwa ghadhabu. Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje hakuweza kusimama mbele ya baraza hilo, maana yeye alikuwa lodi; wajumbe waliochaguliwa na raia hawakuweza kumwuliza swali uso kwa uso. Tarehe 5 Aprili akajiuzulu, pamoja na mawaziri wenzake wawili, Humphrey Atkins na Richard Luce. Mwezi Januari 1983 kamati ya Lodi Franks iliyochunguza jambo hilo ikaona kwamba serikali haiwezi kulaumiwa kwa uamuzi wa Argentina wa kuvamia. Basi mtu huyu alilipa deni ambalo wachunguzi hawakuliandika kwa jina lake. Tendo hilo limekuwa mfano unaotajwa kila waziri anaposhikilia kiti chake, na lastahili kutajwa.

Lakini iko siku nyingine isiyotajwa pamoja na hiyo. Carrington alikuwa Waziri wa Ulinzi kuanzia mwezi Juni 1970 mpaka Januari 1974. Tarehe 30 Januari 1972, katika mji wa Derry, Ireland ya Kaskazini, askari wa Uingereza waliwapiga risasi raia waliokuwa katika maandamano; 13 walikufa siku ile, na mwingine akafa baadaye. Hakuna waziri aliyejiuzulu kwa sababu ya siku hiyo. Ilipasa kungoja mpaka mwezi Juni 2010 ndipo uchunguzi wa Lodi Saville ulipotangaza kwamba waliouawa hawakuwa na hatia, na Waziri Mkuu Cameron akaomba radhi Bungeni. Sisemi kwamba Carrington aliamuru risasi zile. Wala hakuamuru wanajeshi wa Argentina washuke Falkland. Kanuni aliyoifuata mwaka 1982 ilikuwa kwamba waziri hubeba yaliyotokea chini ya mikono yake, awe na hatia au asiwe nayo. Kwa kanuni hiyo hiyo, ni nani aliyeibeba siku ya Derry?

Hapo ndipo kitendawili kinapoteguka. Heshima ya nafsi ni jambo jema, na Carrington alikuwa nayo tele. Lakini heshima ya nafsi humsikia kwanza yule anayefanana nawe na anayekaa karibu nawe. Iliisikia sauti ya mwenye ardhi wa Dorset. Iliisikia fedheha ya taifa lake ilipopigwa huko Falkland. Haikuisikia kwa namna hiyo sauti ya mama wa Derry wala ya mkulima wa Mashonaland. Si kwa sababu mwenye heshima alikuwa mtu mbaya, bali kwa sababu heshima haina masikio ila yale aliyolelewa nayo mwenyewe. Dhamana inayodaiwa na dhamiri ya aliyeishika tu, huchagua lipi ni deni na lipi si deni. Kura ya raia, pamoja na upungufu wake wote, ilibuniwa ili wale wasiosikika nao wapate mahali pa kudai.

Mwaka 1999 sheria iliwaondoa malodi wa kurithi katika baraza lao, isipokuwa 92 waliobakizwa wakati ule. Carrington hakuwa mmoja wa hao 92. Kwa kuwa alikuwa amewahi kuongoza baraza lile, alipewa cheo kipya cha maisha yake tu, kisichorithiwa, akaendelea kukaa. Basi katika miaka yake ya mwisho alikaa kwa cheo alichopewa yeye mwenyewe kwa kazi aliyoifanya, wala si kwa kile alichoachiwa na mwenye benki wa Nottingham. Lakini hata hicho hakikutoka kwa raia.

Nawashauri wanafunzi wakisome kitabu hiki. Wajifunze kwacho namna ya kusimulia mambo makubwa kwa sauti ndogo, na namna ya kumtendea haki mpinzani. Wajifunze pia, na hili ni kubwa zaidi, kutosahau kuuliza wanapopendezwa. Kitabu cha maisha ya mkubwa yeyote, awe wa London au wa kwetu, awe alirithi kiti au alikipigania, huandikwa na yule aliyeishika dhamana. Yule aliyeitoa haandiki, na mara nyingi hata jina lake halimo. Kazi ya mhakiki ni kumtafutia nafasi.

Mwanafunzi wangu aliuliza mtu huyu alichaguliwa na nani. Nilimjibu siku ile kwamba hakuchaguliwa na mtu, naye akaliandika jibu hilo katika daftari lake. Leo ningemwongezea swali la pili, aliandike chini ya lile la kwanza: je, na alipokosea, nani aliyekuwa na haki ya kumwondoa?